Kumpeleka mtoto wa chekechea kwenye tathmini ya usonji: mwongozo kamili kuanzia wasiwasi wa kwanza mpaka ripoti mkononi

Wazazi wengi wanaonitafuta wanakuja na swali moja tu, naanzia wapi. Mtoto ana miaka mitatu au minne, haongei, au anaongea maneno ya katuni tu, mwalimu wa chekechea keshaanza kulalamika, bibi yake anasema watoto wa ukoo huu wote huchelewa, na dokta wa kwanza kasema tusubiri. Mimi nalea mtoto mwenye usonji (autism) hapa Dar, nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na wazazi wengi sana, na nachoandika hapa ni njia ilivyo kwa Tanzania. Walioko Kenya na walioko nje nimewawekea kipande chao huko chini.

Jambo moja ulishike kabla hatujaenda popote. Usonji hauna kipimo cha damu, hauna picha ya kichwa, hauna mashine ya kuuonyesha. Unatambuliwa na mtaalamu anayemwangalia mtoto, anayecheza nae, na anayesikiliza historia yake. Sasa dokta atakaa na mwanao dakika ishirini, saa moja akijitahidi, wewe una miaka yake yote. Kwahiyo kazi yako kubwa ni kuitoa hiyo miaka kichwani kwako na kuiweka mezani kwa dokta, kwa namna inayoeleweka. Karibu kila kitu nitakachosema kinarudi hapo.

Hatua ya 1: Angalia, andika, rekodi

Chukua daftari la kawaida, la kurasa 40 linatosha. Usiandike "mtoto ni mgumu" au "hana adabu", hayo hayamsaidii dokta. Andika ulichokiona kwa macho.

Wataalamu wanaangalia mafungu mawili. La kwanza ni mawasiliano na watu, yaani anaitikaje jina lake, anakutazama usoni, anakuletea kitu ili tu ukione, anacheza na wenzake au anacheza pembeni yao. La pili ni mambo ya kujirudiarudia na hisia, yaani kupiga piga mikono hewani, kutembea kwa vidole, kupanga vizibo vya soda mstari mmoja na kulia ukisogeza kimoja, kugeuza gari la kuchezea juu chini na kuzungusha tairi tu muda mrefu, kukataa chakula chochote isipokuwa wali mweupe, kuziba masikio blenda ikiwashwa, kupiga kelele bajaji ikipita njia tofauti na ya jana. Ili mtu aandikiwe usonji kwa vigezo vya DSM-5 (kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani) vya mwaka 2013, ambavyo wataalamu wengi wanavitumia, lazima awe na dalili kwenye mafungu yote mawili na ziwe zimeanza utotoni. Kuchelewa kuongea peke yake sio usonji, na mtoto anaeongea sana anaweza kuwa na usonji.

Kuna kitu kimoja naomba ukiangalie kwa makini kuliko vyote, kidole. Mtoto akitaka maji akakushika mkono akaupeleka kwenye friji, bila kukuangalia, kama vile mkono wako ndo kopo lenyewe, andika. Alafu uangalie kama amewahi kunyoosha kidole kukuonyesha ndege angani, afu akageuka kukutazama kama na wewe umeiona. Hataki umpe ndege, anataka muione wote. Hicho kitendo cha kushirikishana watoto wengi wanakuwa nacho wakifika mwaka mmoja na nusu, na kikikosekana kwa mtoto wa miaka mitatu kina uzito mkubwa, hata kama anajua herufi zote na anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza cha YouTube. Wazazi wengi wanaambiwa "huyu ana akili sana, hana tatizo" kwa sababu ya hizo namba, wakati mtoto huyohuyo hajawahi kusema "mama maji".

Andika pia umri. Alianza kukaa lini, kutembea lini, neno la kwanza lini, alianza kuunganisha maneno mawili lini (wengi wanafanya hivo kabla au karibu na miaka miwili). Na hili liandike juu kabisa kwa kalamu nyekundu kama lipo: je kuna maneno alikuwa nayo yakapotea? Mtoto aliyekuwa anasema "baba", "tata", "bai bai" afu akanyamaza anatakiwa aonwe haraka, sio kusubiri, kwa umri wowote ule.

Alafu simu yako. Piga vidio fupi fupi za dakika moja au mbili, ukimuita jina akiwa bize, akicheza peke yake, akiwa na watoto wengine, wakati wa kula, akiwa amefurahi sana, akiwa amekasirika. Usimpange, usimwambie "sema A". Hizi vidio zinasaidia mno maana watoto wengi wakifika hospitali wanabadilika, mwingine anaganda, mwingine analia mwanzo mwisho, na dokta anakosa cha kuandika.

Hatua ya 2: Pima masikio kwanza

Mtoto asiyeitika jina inawezekana hasikii. Ni rahisi hivo, na bado watu wanaruka hii hatua wanakimbilia kwenye neno usonji. Hata kama anashtuka mlango ukipigwa au anakuja mbio akisikia katuni inaanza, usikivu wake unaweza kuwa na upungufu kwenye sauti za maneno. Hasa kama historia yake ina uti wa mgongo (yaani homa ya utando wa ubongo), manjano kali alipozaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, au alilazwa akiwa mchanga akachomwa sindano za gentamisini kwa siku nyingi, mwambie dokta hayo yote.

Omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kukaa na hedifoni akanyoosha mkono, wana vipimo ambavyo havihitaji yeye kujibu: kimoja wanaweka kifaa kidogo sikioni, kingine wanabandika vipachiko kichwani mtoto akiwa amelala wanasoma jinsi ubongo unavyopokea sauti. Cha pili ndo chenye uhakika zaidi kwa watoto wasiotulia, na kwakuwa anatakiwa alale, uliza mapema umpeleke akiwa amekosa usingizi wa mchana. Ikionekana hasikii kuna msaada, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, lakini umri una maana sana hapo kwahiyo usicheleweshe. Ikionekana anasikia vizuri, omba karatasi ya majibu uiweke kwenye faili lako, maana kila mtaalamu atakayefuata atakuuliza.

Hatua ya 3: Ingia kwenye mfumo, na ujue cha kusema

Mfumo wetu unapanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda, mpaka ya taifa. Kama una bima, bila karatasi ya rufaa unaweza kukataliwa huko juu, kwahiyo hata kama unajua mwisho wa siku utafika Muhimbili, KCMC, Bugando au Mbeya Kanda, anzia chini upate karatasi. Ukiwa unalipia mwenyewe unaweza kwenda moja kwa moja kliniki binafsi ya bingwa wa watoto.

Pale kwa dokta wa kwanza muda ni mdogo na foleni ni ndefu nje, kwahiyo usianze na hadithi ndefu. Sema hivi: "Dokta, mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Haitiki jina, hasemi maneno mawili pamoja, hanyooshi kidole kuonyesha kitu, na hachezi na wenzake. Naomba apimwe usikivu na apewe rufaa kwa bingwa wa watoto kwa ajili ya tathmini ya makuzi." Umeshampa umri, dalili nne, na ombi. Daftari unalo mkononi akitaka zaidi.

Na akikwambia "watoto wa kiume huchelewa, subiri afikishe miaka mitano"? Usigombane. Muulize kwa heshima, "dokta nisubiri mpaka aweze kufanya nini, na kufikia tarehe ngapi?" Alafu muombe aandike kwenye faili kwamba mzazi ameleta wasiwasi huu na yeye ameshauri kusubiri. Wengi ukifika hapo wanaandika rufaa. Asipoandika, nenda kituo kingine, huna kosa. Kusubiri mpaka miaka mitano ni kupoteza miaka ambayo ubongo wa mtoto unajifunza lugha kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, na hakuna mtoto aliyedhurika kwa kupimwa akakutwa hana kitu.

Kuhusu hela. Sera ya serikali ni kwamba mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya umma, ila kwenye vipimo vya kibingwa unaweza kukuta unadaiwa, na hapo ndo unaulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo, wana utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Nenda kwao mapema, sio baada ya bili. Kliniki binafsi ulizia bei kwa simu kabla, na uulize maswali mawili: hiyo bei ni ya vikao vingapi, na je ripoti ya maandishi imo humo au inalipiwa pembeni.

Hatua ya 4: Jua unaenda kuonana na nani

Jina la usonji linatakiwa litolewe na daktari bingwa wa watoto (hasa wa makuzi au wa mishipa ya fahamu), bingwa wa afya ya akili, au mwanasaikolojia tiba mwenye uzoefu na watoto. Mabingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto ni wachache nchini kwahiyo miadi inaweza kuwa mbali, na sio lazima uwasubiri wao tu.

Kuna watu wengine wawili muhimu. Mmoja ni yule tunamwita mtu wa OT (tiba kazi), anaangalia mikono, mwili, hisia, kula, kuvaa, kucheza. Chuo cha OT kipo pale KCMC Moshi na wahitimu wake utawakuta hospitali nyingi za rufaa. Mwingine ni spichi therapisti, wa usemi na lugha, hawa ni wachache zaidi na wengi wako mijini. Hawa wawili peke yao hawatoi jina, ila wanachoandika kina uzito, na mara nyingi ndo watakaokaa na mtoto wako miaka. Ukiwa Kilimanjaro kipo kituo cha Gabriella karibu na Moshi kinachofanya tathmini na mafunzo kwa watoto wa namna hii. NAP-T, chama cha kitaifa cha watu wenye usonji, ni mahali pazuri pa kuulizia nani anapima kwenye mkoa wako kwa sasa maana wataalamu wanahama.

Hatua ya 5: Andaa faili

Weka kwenye bahasha moja kubwa: kadi ya kliniki, ile ya chanjo na uzito (usiiache nyumbani, ina historia ya kuzaliwa), cheti cha kuzaliwa, karatasi za kulazwa kama zipo, majibu ya masikio, daftari lako, na barua ya mwalimu wa chekechea. Mwalimu muombe aandike mambo manne tu: anafanyaje wakati wa nyimbo za duara, anacheza na nani, anaombaje kitu, nini kinamfanya alie. Nusu ukurasa inatosha, Kiswahili cha kawaida.

Jiandae kuulizwa mambo ya mimba na uzazi. Ulijifungua kwa njia gani, mtoto alilia palepale au alichelewa, aliwekwa kwenye oksijeni, amewahi kupata degedege, kuna mtu kwenye ukoo mwenye hali kama hii au kifafa. Hapa akina mama wengi wanaanza kujilaumu, wanadhani maswali haya yanatafuta mkosaji. Hapana mama. Yanatafuta vitu vingine vya kutibu, kama kifafa, ambacho kinawapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Baba na wewe uende, kwanza historia ya upande wako hamna mwingine anaeijua, pili mkisikia wote kwa masikio yenu hamtabishana nyumbani.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Omba miadi ya asubuhi. Mlishe, mlaze mapema usiku wake, beba chakula anachokula na kitu anachokipenda hata kama ni kifuniko cha sufuria. Nenda na mtu wa pili, dada au shangazi, mmoja akae foleni mwingine azunguke na mtoto nje kwenye kivuli, kwasababu korido yenye watu mia, taa nyeupe na spika inayoita majina ndo mahali pabaya kabisa kwa mtoto huyu, na akishalipuka pale kabla hajaingia tathmini imeharibika. Mwambie nesi mapema, "mwanangu hawezi foleni, nipo nje pale, naomba uniite," wengi wanaelewa.

Ndani, mtaalamu atakuhoji wewe kwa kirefu na atacheza na mtoto. Wengine wanatumia zana maalumu: CARS ina vipengele 15 ambavyo mtaalamu anavipa alama, ADI-R ni mahojiano marefu na mzazi yenye maswali 93, ADOS ni michezo iliyopangwa ya dakika 40 mpaka saa moja. Unaweza kusikia pia M-CHAT, ile ya maswali 20 ya ndio na hapana, lakini hiyo ni ya watoto wa miezi 16 mpaka 30 na ni ya kuchuja tu, kwahiyo mtoto wa miaka minne akipewa hiyo peke yake akaandikiwa jibu, uliza. Sio kila hospitali ina ADOS na hilo lisikukatishe tamaa, bingwa mwenye uzoefu, historia nzuri na uangalizi wa kutosha vinatosha kutoa jibu.

Kwenye ADOS utaona mapovu ya sabuni yanapulizwa, puto linajazwa afu linaachiwa, na mdoli anafanyiwa bethdei ya kuigiza, keki, mshumaa, kupuliza. Hapa naomba usikae kimya. Kama mwanao hajawahi kuona keki ya mshumaa maishani mwake, sema. Mtoto anayeshindwa kuigiza kwasababu ya usonji na mtoto ambaye hakijui kile kitu ni watoto wawili tofauti, na mtaalamu mzuri atabadilisha, atampa mwiko na sufuria aone kama atapika chakula cha uongo. Vilevile lugha. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, au Kiswahili, na tathmini inafanyika kwa Kiingereza kwasababu ya zana au kwasababu ya mtaalamu mgeni, omba ifanyike kwa lugha ya nyumbani au wewe utafsiri. Na usikubali kuambiwa lugha mbili ndo zimemchanganya mtoto, lugha mbili hazisababishi usonji.

Usimjibie mtoto, usimnong'oneze, usimfinye akikosea. Acha mtaalamu amuone alivyo. Ukiona siku hiyo hakuwa yeye, sema mwisho, "leo hakuwa kawaida yake, nyumbani anafanya hiki na hiki," na toa simu uonyeshe vidio.

Ukiandikiwa picha ya kichwa au kipimo cha umeme wa ubongo, uliza ni kwa ajili ya nini. Kama kuna degedege, kuzimika ghafla, au maneno yaliyopotea, vina sababu. Kama ni vya "kuthibitisha usonji", havithibitishi, na hiyo hela ungeiweka kwenye tiba ya usemi.

Hatua ya 7: Wakati unasubiri miadi

Miadi inaweza kuwa miezi mbele. Msaada hausubiri jina. Kaa chini sakafuni usawa wa macho yake, cheza anachocheza yeye, kama anapanga vizibo na wewe panga, umpe kimoja kimoja. Punguza maneno, badala ya "haya mwanangu njoo unywe maji yako kabla hayajapoa" sema "maji". Shika kikombe, sema "maji", afu subiri, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ukimtazama. Akikutazama, akitoa sauti yoyote, akinyoosha mkono, mpe palepale na useme tena "maji". Fanya hivyo kila anapotaka kitu, siku nzima. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi yaliyojengwa kwa msingi huuhuu, vikao 9 vya kikundi na matembezi 3 nyumbani, ulizia hospitalini kama yanatolewa karibu yako.

Simu na tivii punguza kweli kweli. Havijasababisha usonji, ila saa anazokaa na katuni ni saa asizoongea na mtu, na mtoto huyu anahitaji mtu.

Ndugu, majirani na dawa za mtandaoni

Hapa nakaa kidogo maana ndo panapochelewesha watoto wengi kuliko foleni zote. Mtaambiwa akatwe udata, kale kautepe chini ya ulimi. Udata unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, ila haumfanyi mtoto asiitike jina wala asicheze na wenzake. Mtaambiwa akatwe kimeo, hapana kabisa, watoto wanavuja damu kwa ajili ya hicho kitu. Mtaambiwa ni majini, ni jicho la mtu. Dua na maombi ni haki yako na yanakutia nguvu, mimi mwenyewe naomba kila siku, ila mchungaji au sheikh anayekwambia uache hospitali, huyo muache yeye.

Chanjo nayo, mtaambiwa ndo imeleta usonji. Watoto wetu wanachomwa ya surua na rubella miezi 9 na miezi 18, na dalili za usonji nyingi zinaonekana wazi kwenye umri huohuo wa mwaka mmoja na nusu, ndo maana mzazi anaunganisha. Habari yenyewe ilitoka kwenye andiko la Andrew Wakefield la 1998 huko Uingereza, jarida lililolichapa lilikuja kulifuta 2010, na mwaka huohuo akafutiwa leseni ya udaktari. Mpeleke mdogo wake kliniki apate chanjo zote.

Anayekuuzia "dawa ya kuponya usonji" anakuibia. Hamna. Ile inayoitwa MMS ni kemikali ya kung'arishia nguo, inaunguza utumbo. Hata dawa halali kama risperidone haitibu usonji wenyewe, Marekani iliidhinishwa 2006 kwa hasira kali na kujiumiza kwa watoto kuanzia miaka 5, kwahiyo mtoto wa miaka mitatu akiandikiwa dawa ya kumtuliza siku ya kwanza bila maelezo, uliza inatibu nini, itaangaliwaje na kwa muda gani.

Hatua ya 8: Majibu na ripoti

Usitoke na maneno ya mdomo. Omba ripoti ya maandishi yenye historia, zana zilizotumika, anachoweza mtoto (sio asichoweza tu), hitimisho, na mapendekezo. Mapendekezo yawe na kazi ndani yake: tiba ya usemi mara ngapi kwa wiki, OT kwa lengo gani, shule ifanye nini. "Aendelee na kliniki" sio pendekezo. Ukiona kiwango cha 1, 2 au 3, hicho ni kiasi cha msaada anaohitaji kwa sasa, sio kipimo cha akili na sio hukumu ya maisha, kinaweza kubadilika.

Ukiambiwa sio usonji, uliza basi ni nini, maana dalili ulizoziona bado zipo: inaweza kuwa kuchelewa lugha, usikivu, ulemavu wa akili, na zote zina msaada wake. Ukiambiwa bado haieleweki, omba tarehe ya kurudi, miezi sita au mwaka, na uanze tiba wakati huohuo. Usiporidhika tafuta maoni ya pili, bila kuficha ripoti ya kwanza.

Na ukiambiwa ndiyo, lia kama kilio kipo. Afu ujue hauko peke yako, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Mtoto uliyeingia nae asubuhi ndo huyohuyo unayetoka nae, anapenda vizibo vilevile, ila sasa una karatasi inayoeleza mlango wa kumfikia. Toa nakala tatu, piga picha kwa simu, orijino usiiachie mtu.

Walioko Kenya na nje

Kenya kuna vituo vya EARC vya wizara ya elimu, vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vilianza 1984, ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, na KISE, chuo cha elimu maalumu pale Kasarani Nairobi, wana kituo kikubwa cha tathmini. Hao wanapima kwa ajili ya shule. Kwa kadi ya ulemavu ya NCPWD (baraza la taifa la watu wenye ulemavu) utahitaji tathmini ya madaktari hospitalini, ni vitu viwili tofauti.

Marekani, mtoto akishafika miaka 3 unaiandikia barua wilaya ya shule unayoishi hata kama bado hajaanza shule, unaomba tathmini ya elimu maalumu. Ni bure, karatasi zako za uhamiaji hazihusiki, na una haki ya mkalimani wa Kiswahili. Ukishasaini kukubali, sheria ya taifa inawapa siku 60 isipokuwa jimbo likiwa na muda wake. Barua iwe na tarehe na ubaki na nakala. Tathmini ya shule haichukui nafasi ya ile ya hospitali, bima nyingi zinataka ya hospitali ndo walipie tiba, kwahiyo omba zote mbili kwa wakati mmoja.

Baada ya ripoti, shule

Chekechea nyingi zitataka kumkataa. Hapa Tanzania Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inampa haki ya kusoma, na shule za msingi za serikali zenye vitengo vya usonji zipo, Msimbazi Mseto pale Ilala ni mmojawapo. Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako na nakala ya ripoti, muulize kitengo cha karibu kiko wapi na kina nafasi ngapi. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida unaanzaga Oktoba, kwahiyo fika Agosti au Septemba, mtembelee mwalimu wa kitengo mwenyewe, mpe ile nusu ukurasa ya nini kinamtuliza na nini kinamliza, na mpeleke mtoto akaione shule siku isiyo na wanafunzi, aone choo kilipo, aone mlango atakaoingilia, kabla ya Januari.